Gari la Mwanangu na Njia Yetu ya Mtendeni

Mwanangu wa kwanza alirudi Tabora mwishoni mwa kiangazi na gari la kuchajiwa kama simu, ila umeme ukiisha linatumia petroli. Alikuwa amestaafu, mkewe alikwisha kufariki, na mgongo wake ulikuwa umepasuliwa mara mbili huko Dar es Salaam. Aliniamkia, nikaitikia, kisha akabaki ameshika mlango wa gari, akisubiri mgongo umruhusu kusimama wima.

"Nitakaa mwezi mmoja kwanza, mama," alisema. "Gari hili ndilo pekee ninaloweza kulikalia safari nzima bila kulia. Likiyaweza maisha ya huku, na mimi nitayaweza. Likishindwa, narudi nalo."

Nikamwambia sawa. Moyoni nikaanza kuliombea gari.

Majina ya watu waliomo katika habari hii ninayo kichwani yote, na ya baba zao pia, lakini nimeyaacha. Tunakutana sokoni, na wengine hawapendi kusemwa.

Magari si mageni kwangu. Marehemu mume wangu aliendesha malori miaka mingi, mara Kigoma, mara Itigi, kwenye njia walizopita wapagazi wa zamani, na safari nyingi nilikaa pembeni yake na mtoto mapajani. Shule niliishia darasa la pili, ila lori nililijua kwa sikio. Likikohoa kwenye mwinuko nilimwambia, "Huyu amekunywa maji," naye akasimama kusafisha chujio la dizeli. Kwa hiyo mwanangu aliponiambia, "Panda tukalijaribu," nilipanda na sikio langu likiwa tayari.

Kupanda kwenyewe kulikuwa kazi. Gari liko chini. Unaanza na makalio, unakaa, ndipo unavuta miguu, mmoja halafu mwingine, kama unaingia kwenye beseni. Ila ukishakaa, umekaa. Kiti kilinishika mbavuni na kiunoni, kikapuliza upepo wa baridi mgongoni. Nilisubiri aliwashe. Nikaona ukuta wa jirani unarudi nyuma.

"Umeshawasha?"

"Tumeshaondoka, mama."

Maisha yangu yote gari kwangu lilikuwa kelele kwanza, ndipo mwendo. Hili lilikwenda kama maji kwenye mfereji. Nilisikia matairi yakisaga mchanga, nikasikia kuku wa watu, nikasikia redio ya kinyozi kutoka mwanzo wa habari hadi mwisho. Hapo hapo nikaliona na kosa lake. Mama mmoja aliyebeba beseni la nyanya alikuwa mbele yetu na hakuwa na habari kwamba tupo. Mwanangu alipopiga honi kidogo, mama yule aligeuka akatutazama kama tumemnyemelea. Gari la namna hii, dereva wake inambidi awe na adabu kuliko wengine.

Kosa la pili lilijitokeza tuliporudi. Njia ya kutoka barabara ya lami hadi kwangu Mtendeni ilikuwa imechimbwa na mvua za mwaka uliopita, ikabaki na mtaro katikati. Pikipiki inapita kandokando, lori linaukanyaga tu. Gari la mwanangu lilipofika pale tumbo lilikwaruza chini, sauti ya sufuria inayokombwa ukoko. Alishuka taratibu, akainama kadiri mgongo ulivyomruhusu, akatazama. Usiku ule alipiga simu kwa bintiye aliyeko Dar nikamsikia anasema, "Usimpe mtu nyumba bado. Subiri."

Neno lile, subiri, lilikaa na mimi.

Kesho yake alimleta fundi umeme, kwa sababu soketi ya ukutani kwangu ilipata moto kama pasi lilipochomekwa gari. Fundi huyu ni Mgogo, na Wagogo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Mtani ana ruhusa. Anaweza kukutukana msibani na ukamshukuru. Alipoliona gari alifungua mlango wa mbele, akaingia, akalaza kiti, akafumba macho.

"Shuka, una vumbi," nikamwambia.

"Sishuki. Babu zako walibeba pembe vichwani mpaka pwani, leo wajukuu wao wanasafiri wamelala. Acha na mimi nilale kwa niaba yao."

"Na babu zako walikaa kwenye visima wakidai hongo kila aliyetaka kunywa maji."

"Ndiyo maana sishuki. Nadai hongo. Jogoo."

Alipewa kuku mtetea, akalalamika kwamba amekonda, ndipo akafanya kazi. Alivuta waya mnene kutoka kwenye swichi kubwa, akafukia nondo ardhini, akafunga soketi ya peke yake chini ya baraza. Kazi safi. Tangu siku hiyo gari lilichomekwa jioni, asubuhi limeshiba.

Sasa niseme nililoliona katika wiki zile, maana tulilitumia kila siku, si la kutazama. Umeme wake ulitosha mizunguko yetu yote ya mjini: sokoni, hospitali kupima presha, Gongoni kununua kitambaa, kurudi. Siku mbili, wakati mwingine tatu, halikugusa petroli kabisa. Tulikwenda Kipalapala kwa padri aliyesoma naye utotoni, tukarudi, na bado lilikuwa na umeme wa kwendea madukani. Likiteremka au likipunguza mwendo linarudisha umeme wake lenyewe. Mwanangu alinionyesha kwenye kioo, nikaelewa mara moja, kwa sababu na mimi maji ya kuoshea mchele nayanyweshea mchicha.

Siku umeme wa mtaa ulipokatika tangu asubuhi hadi jua kuzama, nilijua tumekwisha. Yeye akawasha petroli tukaenda zetu. Hapo ndipo nililipenda. Mtu mwenye shamba la mpunga na shamba la muhogo halali njaa, mvua ije au isije.

Na petroli yake si ya mchezo. Tulikwenda Nzega kumwona mdogo wangu, lami tupu, na mbele yetu malori matatu yamefuatana. Nilijua hesabu ya kuyapita malori matatu, nimeifanya na mume wangu mara nyingi huku nimeshika dashibodi na dua mdomoni. Mwanangu alikanyaga. Umeme na petroli vikashikana pamoja, mgongo wangu ukabandikwa kwenye kiti, na malori yakawa nyuma yetu kabla sijamaliza Bismillahi. Sikuogopa. Nilitaka arudie. Sikumwambia.

Buti lake ni dogo, betri imekula nafasi. Gunia la mchele halikuingia, tukaliweka kiti cha nyuma likafungwa mkanda kama abiria. Matairi yake ni membamba ubavuni, na tairi la akiba halina, lina chupa ya dawa ya kuziba. Dereva wa lori angecheka mpaka akae chini. Lakini mwanangu alishuka Nzega akatembea wima hadi mlangoni kwa mama yake mdogo, na sikuwa nimemwona akitembea hivyo tangu apasuliwe. Basi chupa ya dawa nikaisamehe.

Uliobaki ni mtaro. Kila tukirudi alisimama pale, akashuka, akapanga mawe, akapita kwa mwendo wa kobe. Kila akiinama kupanga mawe niliona siku za mwezi zinapungua. Kumwambia baki, sikuweza. Mtoto aliyeondoka kijana na kurudi mzee humwombi kama unavyoomba chumvi. Ana maisha yake, ana kaburi la mkewe kule, na mimi sikutaka abaki kwa kunihurumia. Nilitaka abaki kwa sababu gari limeweza.

Siku aliyokwenda Kipalapala peke yake kushinda na rafiki yake, niliita watu. Kwetu kazi kubwa haifanywi na mmoja. Unapita nyumba kwa nyumba, unasema, na siku ya siku mwenye kazi anapika. Nilipika wali na maharage, nikatoa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga. Walikuja wanawake kumi na mmoja na wanaume wanne, na fundi wangu Mgogo ambaye hakuitwa.

"Nimesikia harufu ya chakula," alisema.

"Shika jembe kwanza."

"Njia hii inatengenezwa kwa ajili ya nani?"

"Ni ya mtaa."

"Mtaa umekaa na mtaro huu mwaka mzima. Mtaa umepata gari jipya?"

Wanawake wakacheka, nikajitia kuchochea moto.

Udongo tulileta wa kichuguu, kwa mkokoteni. Hapa Tabora udongo huo ndio tunaojengea sakafu, maana ukiupiga unashikana kama saruji. Tukajaza mtaro, tukaupiga kwa magongo, tukanyunyiza maji, tukapiga tena, halafu sisi wanawake tukapiga magoti tukausiriba kwa viganja mpaka ukang'aa. Nimetengeneza sakafu nyingi, sijatengeneza iliyopendeza kuliko ile. Mwanangu alirudi jua limeinama, akapita moja kwa moja, kimya, tumbo la gari halikugusa kitu.

"Halmashauri wamekuja?" akauliza.

"Njia imetengenezwa," nikasema. Uongo haukuwa.

Kwa siku tisa nilikuwa mtu mwenye furaha. Alianza kusema maneno ya mtu anayekaa: kwamba bati la jikoni libadilishwe, kwamba pale nyuma pangefaa papai.

Halafu mvua ya kwanza ikanyesha. Tulikuwa sokoni. Mvua ya Tabora ya kufungua msimu haiombi njia, inamwagika. Ilipopungua tukarudi, tukaiacha lami, tukaingia kwenye sakafu yangu.

Nililisahau jambo ambalo kila mwanamke wa hapa analijua. Sakafu ya kichuguu ina paa juu yake. Haijui mvua. Tulikuwa wanawake kumi na wawili pamoja na mimi, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba njia haina paa, kwa sababu tulitengeneza tunachojua kutengeneza.

Gari lilifika katikati likaanza kwenda ubavu. Taa zikawaka kwenye kioo, magurudumu yakapapasa moja moja yakitafuta pa kushika, na nadhani kama pangekuwa na pa kushika yangeshika, maana gari lile lina akili. Hapakuwa na kitu. Tukateleza polepole, kwa heshima kabisa, hadi kwenye matuta ya viazi ya jirani, tukatulia tumeinama upande wangu.

"Uko salama, mama?"

"Niko salama."

Alifungua mlango, akakanyaga udongo, akateleza, akajishika. Akachota kidogo kwa vidole akausugua. Alikulia kwenye sakafu hiyo, akaijua.

"Hawa si halmashauri," alisema.

Watu walikuwa wameanza kutoka, na fundi Mgogo akaja na mbao mbili na gunia, suruali imekunjwa magotini. Aliinama akatazama chini ya gari, akagonga hapa na pale.

"Gari ni zima," akamwambia mwanangu. "Limekaa tu kwenye viazi. Aliyevunjika ni mama yako."

"Ana nini?"

"Muulize. Kanipigisha tope siku nzima kwa sahani moja ya wali, nikadhani anatengenezea waziri. Kumbe anamtegea mwanawe. Sisi kwetu tukitaka mtu asiondoke tunamwambia kaa. Wanyamwezi wanamsiribia barabara."

Watu walicheka. Mwanangu hakucheka. Mwingine yeyote angesema maneno yale, ningemkasirikia hadi kufa. Lakini ni mtani, na alilolisema lilikuwa limenikaa kooni mwezi mzima.

Mwanangu akazunguka hadi upande wangu, akishika gari asianguke, akachuchumaa mlangoni. Nilijua kuchuchumaa kunavyomuumiza.

"Mama, unataka nibaki?"

"Mgongo wako—"

"Mgongo niachie mimi. Nakuuliza wewe."

Mvua ilikuwa bado inadondoka kidogo kwenye bega lake. Nikamwambia, "Nataka ubaki. Hata gari likishindwa."

"Gari halijashindwa," alisema, kama aliyeguswa kwenye heshima yake. "Gari limefanya yote. Njia ndiyo imelishinda, na njia ni jembe na kokoto. Ungenieleza tangu siku ya kwanza ningeleta lori la moramu, changarawe ya barabara, mngepumzisha magoti yenu."

"Hukuniuliza."

"Na wewe hukusema."

Fundi akatukatiza, akasema kama tumemaliza kesi tumsaidie, maana tope linaingia kwenye viatu vyake vya kanisani. Wakalaza mbao na gunia chini ya magurudumu. Mwanangu akaingia, akaliweka kwenye umeme, akasema umeme unavuta taratibu kuliko petroli na ndio unaofaa kwenye utelezi. Lilijivuta lenyewe, bila kunguruma, bila kurushia mtu tope, likatoka kwenye matuta kama ng'ombe anayeinuka. Jirani mwenye viazi alipiga makofi, halafu akakumbuka viazi vyake akaacha.

Mbele ya baraza mwanangu hakushuka upesi. Nilikuwa bado nimekaa pembeni yake. Akampigia bintiye, sauti ikatoka kwenye spika za gari pande zote, hata mimi nikasikia.

"Ile nyumba," alimwambia, "tafuta mpangaji."

"Babu, una uhakika?" Huyo alikuwa kitukuu wangu, mwenye miaka sita, ameinyakua simu ya mama yake.

"Nina uhakika. Msalimie bibi mkubwa, yuko hapa."

"Shikamoo bibi mkubwa."

"Marahaba," nikasema, nikiangalia kioo kile nisijue niongee nacho upande gani. "Mwambie mama yako akija alete na mbegu za papai."