Maharage Yaliyorudi kutoka Liuli

Nimefundisha biolojia sehemu kubwa ya maisha yangu, na sijapata kuona haya kuliambia darasa kwamba jambo fulani silijui. Lipo moja, hata hivyo, ambalo mpaka leo sijui nianzie wapi kueleza kutolijua kwangu. Lilianza na kibuyu cha maharage, katika miaka ile ya soko huria, malori ya wanunuzi yalipoanza kupanda mpaka milimani kwetu Mbinga, na maduka ya watu binafsi yakauza dawa ambazo zamani tulizipata kwa ushirika.

Kwao mke wangu, upande wa Mpepai, walikuwa na desturi wasiyoichezea. Binti akiolewa, mama yake humgawia mbegu ya maharage ya nyumbani, naye huitunza bila kuichanganya na nyingine yoyote. Mbegu ya mama ikipotea, mama huifuata kwa binti. Maharage ya mke wangu yalikuwa mapana, yenye rangi ya damu ya mzee, na mchuzi wake ulikuwa mzito. Binti yetu alipoolewa Liuli, kule ziwani, alishuka na fungu lake.

Mwaka mmoja mke wangu aliacha kuhifadhi mbegu kwa majivu, akatumia unga wa dawa wa dukani. Wadudu wakaimaliza. Majirani walisema unga ule ulikuwa feki. Mimi sikuupima, kwa hiyo sisemi. Ninachojua ni kwamba tulipofungua kibuyu tulikuta punje zenye matundu, na shambani ngolo zilikwisha chimbwa, yale mashimo ya Kimatengo yanayopangwa mteremkoni kama sega la nyuki, kingo zake zikingoja maharage. Tukashuka Liuli.

Binti alitupokea kwa shikamoo na usipa, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Baada ya kula akaleta ungo na kibuyu chake, akamimina mbegu. Mke wangu alitazama, akatia mkono, akageuza punje, kisha akautoa mkono taratibu. Yalikuwa maharage madogo, ya rangi ya udongo, yenye madoadoa mekundu.

"Haya ni ya nani?" akauliza.

"Ni yako, mama. Yale yale uliyonipa."

"Yangu hayakuwa na madoa."

"Yamebadilika. Nayapanda kule bondeni kila mwaka, na joto la huku si la milimani. Hata mimi limenibadilisha, mbona umenitambua?"

"Wewe nilikuzaa. Haya sikuyazaa. Umechanganya na ya sokoni."

"Mama! Nichanganye mbegu ya nyumbani?" Binti alikuwa akicheka, sasa aliacha. Kwa wanawake wa ukoo ule, hilo lilikuwa shtaka zito, na alilijua.

Mke wangu akanigeukia. "Mwalimu, amua. Ndiyo kazi yako."

Nilisema siwezi kuamua, kwa kuwa sikuona jinsi mbegu ile ilivyopandwa na kuvunwa miaka yote hiyo.

"Hata kwa mwanao unataka ushahidi?"

"Hasa kwa mwanangu."

"Baba nawe," binti alisema kwa sauti ndogo, akaanza kurudisha punje kibuyuni.

Usiku ule usingizi haukuja upesi. Muda mfupi kabla ya safari ile nilikuwa nimehudhuria semina ya walimu Songea, ambako mtaalamu mmoja alinyanyua punje ya haragwe na kutuambia kwamba chakula kilichomo ndani yake kinatengenezwa kwa maelekezo ya jeni nyingi zinazofanana, kama watoto wa mama mmoja. Zamani sana, alisema, jeni moja ilijinakili mara mbili kwa bahati. Nakala moja iliendelea na kazi ya awali. Ya pili, kwa kuwa haikutegemewa tena, iliweza kuharibika bila mmea kufa, au kubadilika na kupata kazi mpya. Kwa njia hiyo, iliyorudiwa mara nyingi, mimea inayotoa maua ilipata familia nzima za jeni, na kwazo mbegu zenye akiba, maganda na tabia za kila namna.

Sikumwelewa. Mwanafunzi akinakili sentensi yangu mara mbili, haongezi elimu, anaongeza wino. Upya unatoka wapi? Pale Liuli nilidhani kwa kitambo kwamba nimelishika: fungu la mama lililobanwa na wajibu wake, na fungu la binti lililoachwa huru bondeni. Kisha nikajikemea. Fungu la mbegu si jeni, na mfano si ushahidi. Nikabaki na mambo mawili nisiyoyaelewa badala ya moja.

Tuliondoka na kibuyu kile kwa sababu hatukuwa na kingine. Mke wangu hakukubali kukitia katika shamba kubwa. Alipanda ngolo chache za chini, nami nikazipitia mara kwa mara. Tulipovuna, mengi yalikuwa yale yale ya madoadoa. Lakini mashina machache yalizaa maharage mapana, ya rangi ya damu ya mzee. Nilikaa chini kwenye ukingo wa shimo, maganda yakiwa mapajani. Je, ya zamani yalikuwa yamejificha ndani ya mapya? Au binti alichanganya kweli, na haya ni masalio ya mbegu ya awali? Kila jibu lilitosha, na kwa hiyo hakuna lililotosha.

Mke wangu hakuniuliza. Alipika aina zote mbili, kila moja katika chungu chake. Madogo yaliiva mapema, na mchuzi wake ulikuwa mzito. Alionja, akaonja tena. Kesho yake alizitenga zile punje pana chache, akazigawa mafungu mawili, akazipaka majivu. Fungu moja aliliweka juu ya meko. Jingine akalifunga vizuri na kunipa nilipeleke kwenye lori la Liuli.

"Kwa hiyo sasa unamwamini?" nilimuuliza.

"Sijasema namwamini," alijibu. "Nimesema apelekewe mbegu."