Barafu ya boksi la maabara

Leo nimeapa uongo huku ushahidi uko shingoni mwangu.

Nilikuwa napeleka boksi maabara, Al Barsha. Ndani kuna vifaa vya kupimia protini inayobeba vitamini D kwenye damu. Lazima vikae kwenye baridi.

AC ya gari imekufa, na jua la Dubai mnalijua.

Nikachomoa pakiti moja ya barafu humo boksini, nikaifunga shingoni kwa taulo. Ilipoyeyuka, nikachukua ya pili. 🙈

Madam wa maabara akapima joto la boksi. Khalas, vimeharibika.

"Umelifungua?"

"Wallahi sijafungua, madam."

Taulo linachuruzika mpaka kifuani!

Hakufoka. Akaniletea chupa ya maji baridi. "Kunywa kwanza, ndipo useme."

Sikunywa. Nikaiacha chupa mezani, nikarudi garini.

Kesho nampelekea boksi lingine. Jamani, namtazamaje usoni?