Kinyamkela Aliyeomba Chumvi

Kabla sijaanza, weka mkono kifuani useme hutamwambia mtu. Si dada yako, si mumeo, wala yule shoga yako anayejifanya hasikii huku masikio kayatega. Niliwaahidi wajukuu wa marehemu Sefu, tena nikiwa nakula futari kwao, kwamba jina la babu yao halitatoka kinywani mwangu maadamu niko hai. Haya, limeshatoka. Na kwa kuwa limetoka, acha nisimulie yote, maana jambo likisimuliwa nusu watu hujazia uongo wao.

Nilipokuwa mtoto, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, niliishi na bibi yangu mzaa mama kando ya barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Kabla ya hapo tulikaa bondeni, kila mtu na nyumba yake mbali na mwenzake. Likaja lori, tukahamishwa, tukapangwa kwa mstari kama madawati ya shule. Mama yangu alikuwa Mikumi, ameolewa mara ya pili, na hiyo ni habari nyingine ambayo nayo nimekatazwa kuisema. Bibi aligoma kupanda lori mpaka alipoahidiwa nyumba ya mwisho kwenye mstari, ile iliyopakana na msitu wa vinyamkela.

Msitu wenyewe haukuwa mkubwa. Mtu mwenye haraka angeuzunguka kabla ugali haujaiva. Ndani yake kulikuwa na mikwaju, na mkuyu mmoja wenye mizizi iliyosimama kama kuta, na kijito ambacho hata kiangazi kilikuwa na maji. Humo, bibi alisema, wanakaa vinyamkela, viumbe wadogo wa kimo cha mkono, toka kiwiko hadi ncha ya vidole. Kila mmea una mwenyewe. Uyoga ni viti vyao, ndiyo maana huota kwa usiku mmoja, ule usiku wenye mkutano. Kifauongo, ule mmea unaofunga majani ukiugusa, hufunga kwa sababu mwenyewe amevuta mlango. Na kile kimbunga kidogo cha vumbi kinachozunguka njiani adhuhuri ni kinyamkela anahama mti, kabeba vyombo vyake.

"Utampisha," bibi alinifundisha. "Hata wewe ukihama hupendi kugongwagongwa."

Mie nilikuwa mtoto wa maswali. Nilimsumbua bibi mpaka akiwa anapepeta.

"Wanavaa nini, bibi?"

"Majani ya msimu."

"Wanaoa?"

"Wanaoa. Talaka hawana."

"Kwa nini hawana?"

"Hawana jirani kama wewe wa kubeba maneno."

Kuingia msituni kulikuwa na taratibu zake. Unavua viatu, kama unavyo. Husemi na mtu njiani. Unaweka unga kidogo juu ya jiwe bapa, unachuma ulichofuata, na shina la kwanza kuliona unaliacha, maana hilo ndilo mama wa wenzake. Unga huo usiwe na chumvi. Chumvi hawaigusi kabisa, bibi alisema, kama walivyo wazee wote wasioonekana.

Shamba la kijiji lilifika mpaka ukingoni mwa msitu. Mwaka ule mahindi yalistawi, na yalipoanza kukomaa yakaanza kupotea. Leo mabua matano matupu, kesho manane, yote ya upande wa msituni. Msimamizi wa shamba alikuwa huyo Sefu, mwanamume mwenye sharubu nene na filimbi shingoni. Akipuliza, tunainama kulima. Akipuliza tena, tunainuka. Jua likiwa kali yeye huchukua fimbo yake na kuaga kwamba anakwenda kukagua mipaka. Na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema mahindi yamechukuliwa na nani.

"Vinyamkela hao," alisema. "Mmelima mpaka mlangoni kwao, mlitegemea nini?"

Watu wakakubali. Hata walinzi wakaacha kulinda upande ule, nani agombane na asiyemwona. Lakini mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa mtu wa milimani, kasoma shule ya misheni, kavaa miwani, na habari hizo zilimuuma kichwa. Akaitisha mkutano.

"Kama wanaoiba mali ya kijiji wanakaa msituni," alisema, "basi Jumamosi tunaukata msitu. Tuone watahamia wapi."

Sefu akakohoa. "Mwenyekiti, tusiwaudhi."

"Si wewe uliyesema ndio wezi?"

"Nilisema, lakini..."

"Basi Jumamosi, kila mtu na shoka lake."

Jioni ile bibi alichambua mchicha ule ule mara tatu. Alikuwa mkunga, na dawa zote za wazazi alizitoa mle. Kile kijito tulikinywa nyumba zote za mstari ule. Ukikata miti, alisema, maji yanaondoka na wenyewe. Hakulia. Aliacha mchicha kwenye ungo akaingia ndani kulala bila kula, na bibi yangu hakuwa mtu wa kulala bila kula.

Mie nikaamua kwenda kuwauliza wenyewe. Jumanne adhuhuri, watu wakiwa wamepumzika shambani, niliingia msituni na unga wangu kwenye kiganja. Nilipofika kwenye jiwe nikakwama. Mtu anaanzaje maneno na kinyamkela? Kwetu mtoto aliyempita mkubwa bila kumwamkia alichapwa, tena na yeyote atakayemkuta, halafu akifika nyumbani anachapwa mara ya pili. Nikawaza, hawa wapo tangu enzi za babu zake bibi, kwa hiyo ni wakubwa kwangu.

"Shikamoo," nikasema.

Nyuma ya mzizi wa mkuyu sauti nzito ikaitikia, "Marahaba."

Sikukimbia. Watu hawaniamini nikisema hivyo, lakini hamu ya kujua ilinishika miguu. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa akijiuliza amefanya nini.

"Wewe ni kinyamkela?" nikauliza.

"Ndiyo."

"Mbona sauti yako kubwa?"

"Nina mafua."

"Mwenyekiti anataka kukata msitu wenu Jumamosi. Mtahamia wapi?"

"Mtoto, maswali yako mengi. Umeleta nini?"

"Unga."

"Chumvi huna?"

"Sina."

"Kesho lete. Ifunge kwenye jani, iweke hapo juu ya jiwe, uende zako, usigeuke nyuma."

Nikaenda zangu, sikugeuka. Palinukia mahindi ya kuchoma, nami nikaona ndivyo kwao kunavyonukia.

Chumvi siku hizo ilikuwa adimu dukani. Bibi aliifunga kwenye kitambaa akaificha darini, na mimi kesho yake asubuhi nilikuwa nimepanda juu ya kinu, mkono uko darini, aliponidaka mguu.

"Hiyo unampelekea nani?"

Nikamweleza. Hakuniuliza maswali mengi kama ningeuliza mimi.

"Alikuitikia marahaba?"

"Ndiyo, bibi."

"Halafu akataka chumvi."

"Ndiyo."

Bibi akakaa chini pale pale jikoni, akajifunika uso kwa kanga. Mabega yakawa yanatikisika, nikadhani ninamliza. Alipojifunua, macho yalikuwa na maji kweli, lakini mdomo haukuwa wa kilio. Akaniteremsha kwenye kinu, akanipimia chumvi mwenyewe, kiganja kizima.

"Mpelekee," alisema. "Na hii ni siri, Tatu. Asijue mtu. Hata Mwanaidi asijue."

Mwanaidi alikuwa rafiki yangu, binti wa nyumba ya pili. Nilitoka msituni kuweka ile chumvi nikamkuta kijitoni, pale kinapotokea nje ya msitu, anachota maji. Ndoo yake ilikuwa haijajaa nilipokuwa nimekwisha kumwambia yote. Nikamwapisha asiseme, akaapa. Ilipofika jioni nilisikia habari yangu mwenyewe ikirudi kutoka upande wa pili wa kijiji, nami sikuitambua. Kinyamkela alikuwa na ndevu hadi magotini. Ameomba sukari. Mke wa fundi baiskeli alisema ameomba mke, tena mwenye kujua kupika. Sefu alipita nyumba kwa nyumba akisokota sharubu.

"Si niliwaambia?" alisema. "Sasa wanaongea kabisa. Atakayeinua shoka, shauri yake."

Usiku nilijigeuzageuza kitandani. Nilijua nimemwangusha bibi, na nilingoja anigombeze. Aliniuliza tu kama Mwanaidi hajambo.

Alhamisi tulikuwa shambani na wakubwa. Jua lilipofika utosini, Sefu akapuliza filimbi ya kupumzika, akachukua fimbo, akaenda kukagua mipaka. Alipokuwa amekwenda kitambo, bibi akatokea njiani akijikongoja, na mwenyekiti akainuka kumpisha kivulini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikai, nimekuja na ombi moja. Watu wako hawa hawatainua shoka Jumamosi. Watazame nyuso zao."

Mwenyekiti akazitazama.

"Twende nao sasa hivi, wote, tukawaage wenyewe," bibi akaendelea. "Mjukuu wangu atawaamkia kama alivyowaamkia juzi. Wakinyamaza, kata msitu wako, na shoka la kwanza nitalishika mimi na mikono yangu hii."

"Na wakiitikia?"

"Utakwenda kumtazama aliyeitikia. Ukikuta si mtu, utajua la kufanya, wewe umesoma. Ukimkuta mtu, basi mwizi wako ni mtu, na msitu hauguswi. Si Jumamosi hii wala nyingine."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Nimekubali, mama. Mbele ya hawa wote."

Tukaenda. Watu wote wa shamba lile, wanaume kwa wanawake na watoto wao, tukavua viatu ukingoni, tukaingia kwa mstari bila kusema, kama taratibu zinavyotaka. Hata mwenyekiti alishika viatu mkononi, akachagua pa kukanyaga kama kuku. Mie nilikuwa mbele, mkono wa bibi begani mwangu. Kama kinyamkela angenyamaza siku hiyo, bibi yangu angekata mkuyu ule, na ningekuwa mimi niliyempeleka.

Sasa nimezeeka kumpita bibi alivyokuwa siku ile, na nimelifikiria sana jambo hili. Angesimama yeye mkutanoni, mwanamke mzee anayeweka unga kwenye mawe, akamtaja msimamizi wa shamba kuwa mwizi, nani angemsikiliza? Wangesema anatetea mizimu yake. Alihitaji kijiji kizima kishikwe na hamu ya kusikia, mpaka wakiitwa wasibaki nyuma. Kwa kazi hiyo alihitaji mdomo usiofungika, na mdomo huo alikuwa anaulisha mwenyewe kila siku. Miaka mingi niliona aibu kwamba nilivunja siri yake. Ilinichukua kuzaa na kulea kutambua kwamba bibi alinipa siri ile ili niivunje, na kwamba hajapata kunipenda kwa jambo lolote kama alivyonipenda kwa ubaya wangu huo.

Kuhusu vinyamkela wenyewe, watu huniuliza kama nawaamini. Nawaambia nilichokiona. Njia ile ilikuwa na kifauongo kushoto na kulia, nami ndiye niliyetangulia, hakuna mguu mbele yangu. Sefu alikuwa kapita muda mrefu, majani yangekuwa yamekwisha kufunguka. Lakini yote mbele yangu yalikuwa yamefungwa, mstari mrefu, mpaka kwenye mkuyu, kana kwamba mtu mdogo sana alikuwa akitukimbilia mbele kwenda kutazama. Bibi aliyaona pia. Nilisikia vidole vyake vikinibana bega. Hatukuwahi kuzungumza habari hiyo, na wewe ndiye wa kwanza, au wa pili, kuambiwa.

Tulifika kwenye jiwe. Jani langu la chumvi halikuwapo. Watu wakajipanga nyuma yetu mpaka huko vichakani, kimya, hata watoto wa mgongoni hawakulia. Harufu ya mahindi ya kuchoma ilikuwa imetanda, na niliwaona watu wazima wakinusa na kutazamana. Bibi akanisukuma kidogo.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuna kitu. Ndege mmoja akaruka. Nikamtazama bibi, naye alikuwa anautazama mkuyu, midomo imekauka. Nikakaza sauti, ile ya kumwamkia mzee asiyesikia vizuri.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," ikatoka sauti nyuma ya mzizi, ya mtu aliyejaza mdomo. "Chumvi ya jana ilikuwa nzuri. Leo leta na pilipili."

Nyuma yangu mama yake Mwanaidi akacheka puani, akajiziba. Mwenyekiti akaweka viatu vyake chini taratibu, akauzunguka mzizi, na sisi sote tukamfuata, huku na huku, mpaka tukafanya duara.

Sefu alikuwa amekaa juu ya majani makavu, mgongo kwenye mkuyu, miguu kaikunjua. Moto mdogo kati ya mawe matatu. Magunzi yamelundikana kando, mengine yameota ukungu wa wiki nyingi. Chumvi yangu ilikuwa pajani kwake, ndani ya jani lile lile, na filimbi kaizungusha mgongoni isimsumbue akila. Hindi lilikuwa mkononi, limeliwa nusu, punje mbili zimenasa kwenye sharubu.

Alitutazama mmoja mmoja, duara lote, mpaka akarudi kwa mwenyekiti.

"Bwana Sefu," mwenyekiti akauliza, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, "mahindi hayo ni ya nani?"

Sefu akalitazama lile hindi kama aliyepewa kulisoma. Akatafuna kilichokuwa mdomoni, akameza.

"Ya kijiji, mwenyekiti," alisema.