Aliyewaambia Nyuki

"Rudisha huo ufunguo ulikoutoa, Mwende! Sasa hivi!"

"Harudishi," Baba akasema. "Ametumwa na mfiwa. Mtu hakatai kutumwa na mfiwa."

"Basi mfiwa amtume kwa mchungaji, siyo kwa nyuki! Baba Mwende, wewe ni mzee wa kanisa. Tukionekana tunanong'oneza mizinga, unajua watasema nini? Waafrika wamekuja na uchawi wao."

"Lakini uchawi wenyewe ni wao. Sisi tunaazimwa tu."

Mama hakucheka. Mimi nilisimama katikati yao jikoni, ufunguo wa watu nimeukumbatia kifuani kama kifaranga.

Nilipokuwa mtoto tuliishi katika kijiji kimoja cha Uingereza, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba ya ngano. Najua shangazi yangu akisoma hapa atacheka, kwa sababu nina miaka kumi na saba na machoni pake bado natambaa. Lakini msichana aliyeacha shule ili amwogeshe mama yake ana haki ya kusema "nilipokuwa mtoto", na mimi nasema.

Wazazi wangu walitoka Kitui kwenda kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, nje kidogo ya kijiji hicho. Watu wa pale walitusalimia vizuri. Walituuliza tumeionaje mvua, tukawajibu kwamba tumeiona, kisha kila mtu akaingia kwake na kufunga mlango. Kwa miaka mingi tulikuwa "wale wa nyumba ya mwisho". Waliotufungulia mlango ni majirani zetu tu, Babu Harold na mkewe, Bibi Edith. Nikitoka shule nilikuwa napenya kwenye tundu la ua wao wa miti na kumkuta Babu akihudumia mizinga yake, masanduku meupe yaliyopangwa kando ya maua ya zambarau.

Yeye ndiye aliyenifundisha adabu ya nyuki. Usiwaendee ukiwa na hasira. Usigombane karibu nao, kwa maana hawakai penye ugomvi. Na kila jambo kubwa la nyumba lazima waambiwe: harusi, mtoto mchanga, msiba. Mwenye nyumba akifa, mtu wa nyumba hiyo huchukua ufunguo wa mlango, akagonga kila mzinga na kuwapa habari. Wasipoambiwa, hujiona wamedharauliwa, wakahama au wakafa humo humo ndani.

"Nyinyi nilishawatambulisha," aliniambia siku moja. "Wiki mliyohamia."

Nilikimbia nyumbani kuwaeleza wazazi wangu kwamba nyuki walitujua kabla kijiji hakijatujua. Baba alifurahi sana. Hata kwao Kitui, alisema, nyuki huhama boma lenye kelele. Mama aliniambia ninawe mikono nikale.

Kisha Babu Harold akafariki, alfajiri, akiwa usingizini. Bibi Edith alikuwa kitandani na nyonga iliyovunjika, hawezi hata kufika dirishani bila msaada. Mtoto wao wa pekee aliishi mbali, na alipoambiwa habari za nyuki kwa simu alisema mama yake apumzike, mambo hayo ni ya kale. Basi Bibi akaniita, akaniwekea ufunguo wa nyumba mkononi, na kuukunja mkono wangu.

"Wewe umekaa na mizinga kuliko mwanangu," alisema. "Nenda kabla jua halijapanda. Wakiondoka, Harold ataniondokea mara mbili."

Ndiyo maana nilikuwa jikoni kwetu, na ndiyo maana wazazi wangu walikuwa wakigombana, tena dirisha likiwa wazi. Nilitaka kuwaambia wapunguze sauti, nyuki wako pale tu nyuma ya ua. Niliogopa. Niliona kama kila neno la Mama linafungua mzinga mmoja.

"Ni wadudu," Mama alisema. "Wadudu hawafiwi."

Baba akasema kwa sauti ya chini, "Wewe unajua kukaa bila kuambiwa kukoje."

Mama aliketi.

Wakati ule sikuelewa. Baadaye nilielezwa. Babu yangu mzaa mama alipofariki Kitui, ndugu walikubaliana kumficha Mama habari hiyo ili asivunjike moyo ugenini. Alijulishwa baada ya mazishi. Siku zote hizo alikuwa akienda kazini, akiimba akiwaogesha wazee wa watu, huku baba yake yuko chini ya udongo.

Alikaa pale mezani mpaka chai ikapoa. Kisha akainuka, akajifunga leso kichwani kama anayekwenda matangani, akaninyooshea mkono.

"Lete huo ufunguo."

Tulipita tundu la ua mmoja mmoja, Baba akiwa wa mwisho, akikwama mabega. Mama alisimama kando ya mzinga wa kwanza, akagonga polepole kwa ufunguo.

"Hodi," alisema.

Akasubiri. Nyuki walivuma tu. Akagonga tena. "Hodi." Akatugeukia, na nilimwona amekwama kweli, kwa sababu Mama hajawahi kuutaja msiba mlangoni pa mtu kabla hajakaribishwa, na hakuwa tayari kuanzia pale.

"Nyuki wa Kiingereza hao," Baba akanong'ona. "Watajua hodi?"

"Nyamaza, Baba Mwende. Msiba unajulikana."

Ndipo mimi, niliyezoea kumjibu kwa Kiingereza kila anaponisemesha, nikasema kwa niaba ya nyuki, "Karibu."

Mama akashusha pumzi. "Tumekuja na habari nzito," aliuambia mzinga. "Mzee wenu ametutoka alfajiri. Hakuteseka. Mama yenu yupo, na sisi majirani tupo. Msiondoke."

Alirudia hivyo mzinga kwa mzinga, na kila mara mimi niliitikia. Tulipofika wa mwisho tukaona mtu amesimama langoni na mbwa wake, mzee mmoja wa kijijini ambaye alikuwa hatusalimii zaidi ya mvua. Mama aliganda. Yule mzee akavua kofia, akaishika kifuani mpaka tulipomaliza. Dirishani juu, pazia la Bibi Edith lilikuwa limefunguliwa; sijui ni nani aliyemsaidia.

Nyuki hawakuondoka. Sijui kama ni kwa maneno ya Mama au kwa sababu maua yalikuwa mengi mwaka ule, na sihitaji kujua. Ninachojua ni kwamba toka siku hiyo hatukuwa tena wale wa nyumba ya mwisho. Dukani nilisikia wakimtaja Mama kwa sauti ya heshima: yule aliyewaambia nyuki. Nilijinyoosha nikawa mrefu kuliko rafu ya mkate.

Baadaye tulivuka bahari tena; sasa tunaishi mji wa Champlin, karibu na mto, na Baba anafanya kazi hospitalini, katika jiji la jirani la Minneapolis. Mama alipata kiharusi mwaka jana. Kanisani wananihurumia kwa ajili ya shule. Mimi sijioni wa kuhurumiwa. Najua kumgeuza mgonjwa bila kumwumiza, najua dawa zake zote, na shule nitairudia.

Majuzi simu ilipigwa kutoka Kitui. Susu, mama yake Mama, amefariki. Baba alikuwa kazini. Shangazi, anayekaa mtaa wetu na ambaye naye alipigiwa, alikuja mbio akanivuta mpaka jikoni.

"Usithubutu," aliniambia. "Moyo wake hautahimili. Tutamwambia akipata nafuu."

"Shangazi, alishafanyiwa hivyo mara moja."

"Wewe ni mtoto, Mwende!"

"Daktari alisema anaweza kuambiwa mambo, polepole. Na tupunguze sauti, tafadhali. Anasikia."

Sikuwa jasiri. Lakini nilijua namna ya kwenda, kwa sababu niliona ikifanywa na mwanamke ambaye hakutaka kwenda, akaenda. Nilijifunga leso. Nikasimama mlangoni pa chumba chake, nikagonga polepole.

"Hodi."

Mama aligeuza kichwa juu ya mto wa kitandani. Akaitazama leso, akanitazama mimi, kisha leso tena. Upande mmoja wa mdomo wake, ule mzima, ukainuka kidogo.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Sema tu. Mimi siruki."