Kineno cha Mama Pini

Tulimwita Mama Pini kwa sababu pini zilishinda mdomoni mwake kutwa nzima, naye aliongea nazo hivyo hivyo bila kujichoma. Alishonea kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya umeme, na mimi, ambaye siku hizi miguu hunitembeza bila kuniuliza, nilipenda kupumzika kwenye benchi lake. Nimekalia mabenchi mengi. Lile lilikuwa na upepo.

Binti yake wa pekee aliolewa ng'ambo, akajaliwa huko mtoto wa kiume. Mtoto huyo alijua Kiingereza tu. Simu ikipigwa Jumapili, binti husimama katikati: bibi anasalimia, binti anageuza, mtoto anasema maneno marefu, binti anarudisha mafupi. "Anasema hajambo." Mama Pini akishaweka simu hulalamika, "Mtoto ameongea mpaka amehema, mimi naletewa hajambo. Hayo mengine yamekwenda wapi?"

Alitaka jambo moja tu, aongee na mjukuu wake bila mtu katikati. Basi akajiandikisha darasa la jioni la watu wazima, kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, akanivuta na mimi.

"Mzee, huna kazi. Njoo uniazime masikio."

Mwalimu alikuwa kijana mpole mwenye mafua yasiyokwisha. Maneno makubwa makubwa Mama Pini aliyameza. Kilichomkwama kooni ni kile kineno cha Kiingereza, with, yaani pamoja na. Kukitamka lazima ulimi uchungulie kidogo katikati ya meno, na ulimi wake, kwa umri wote ule wa pini, ulishazoea kujificha nyuma.

"Toa ulimi, mama."

"Mwalimu, nikiutoa nachomwa."

"Mbona sasa hivi huna pini?"

"Mimi najua. Ulimi ndio haujui."

Darasa zima likacheka, na yeye akacheka.

Jioni moja mwalimu, labda kwa kumbembeleza, akatueleza kineno kile kilikotoka. Zamani sana, alisema, with kwa Waingereza wenyewe ilikuwa na maana ya kumkabili mtu, kuwa kinyume naye. Walipotaka kusema pamoja walikuwa na neno jingine, mid. Lakini anayepigana na mwenzake huwa karibu naye sana, na polepole kineno cha ugomvi kikahamia upande wa urafiki, mid ikafa.

"Hata sisi," akasema Mama Pini. "Nimegombana na marehemu mume wangu, nimekula na marehemu mume wangu. Hiyo na ni ile ile."

"Ila haikufa yote," mwalimu akaendelea huku akipenga kamasi. "Imebaki ndani ya jina la mkunga. Kwao mkunga ni midwife, yaani mwanamke aliye pamoja na anayejifungua."

Hapo Mama Pini hakucheka. Tukiwa njiani kurudi akasema, kama anayezungumza na barabara, "Mwanangu amezaa, na aliyekuwa pamoja naye ni mtu nisiyemjua hata sura."

Nikapunguza hatua, tukaenda sambamba.

Tangu hapo alikishikilia kineno kile kwa meno. Kalamu ilimchosha, kwa hiyo alikiandika kwa cherehani, kwenye vipande vya vitambaa vilivyobaki, huku akikitamka. Kipande kimoja kikajichanganya, kikashonewa ndani ya kiuno cha suruali ya mlinzi wa benki. Mlinzi akarudi nayo.

"Mama Pini, hii with tumboni kwangu ni ya nini?"

"Lebo hiyo. Suruali za maana zote zina lebo."

"Sawa, with nani?"

"Hapo utajaza mwenyewe."

Jumapili aliyojipangia ilipofika, alitoa pini zote akazichomeka kwenye kimto chake, akasukutua kinywa. Simu ikalia. "Mpe mtoto," akamwambia binti, "na wewe kaa pembeni." Kisha akafumba macho, akachomoza ulimi, akaisema sentensi yake kwa Kiingereza: mimi ni bibi yako, nataka kukaa pamoja na wewe. Niliisikia mwenyewe. Ilikuwa safi.

Halafu sauti ndogo ikaanza kumwagika, ikiuliza, ikieleza, ikijichekea. Mama Pini hakuambulia kitu. Aliitikia "yesi, yesi" kila alipopata upenyo. Mara tukasikia simu ikiwekwa mezani na miguu ya mtoto ikikimbia. Nadhani alikwenda kuleta kitu amwonyeshe, maana watoto hawajui kwamba simu ya vitufe haina macho. Huko alikokwenda akasahau.

"Imekatika?" nikauliza.

Akanionyesha kidole ninyamaze, akainamisha simu ili na mimi nisikie vizuri. Maji yalikuwa yakitiririka. Kijiko kikaanguka. Mlango ukafungwa, mtu akakohoa, na kwa mbali binti yake alikuwa akiimba bila maneno, kama anavyoimba mtu asiyejua kwamba anasikilizwa.

"Anapika," Mama Pini akanong'ona. "Sasa anakoroga."

Mteja akaingia kibarazani na gauni mkononi, akataka kusema. Nikamwashiria akae, nikasogea kumpa nafasi kwenye benchi. Mama Pini alibaki vile vile, simu sikioni, mkono mwingine umelala juu ya kitambaa, akiisikiliza nyumba ambayo hajawahi kuingia.