Ukuta wa Ukumbi na Fundi wa Nyasho

Barua ile niliiona kwa bahati. Nilikuwa nimeingia kwa mhazili kuomba karatasi ya kaboni, naye alikuwa ametoka kunywa chai, na kwenye taipureta kulikuwa na nakala iliyobaki imetoka nusu. Sikuwa mtu wa kusoma barua zisizonihusu. Lakini macho yangu yaliangukia maneno "ukuta wa mbele wa ukumbi wa mji", yakakwama hapo. Mfanyabiashara mmoja mwenye maduka Bunda na Musoma alikuwa amekubaliwa kuupaka ukuta huo tangazo la sabuni. Kazi ingeanza Jumatatu asubuhi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nilikuwa msaidizi wa ofisa utamaduni wa mji wa Musoma, na ukuta ule niliujua kuliko kuta za nyumba yangu. Katika miaka ya foleni, maduka yalipokuwa matupu na hakuna aliyetaka jina lake liandikwe mlangoni maana hakuwa na cha kuuza, fundi mmoja wa mabango kutoka mtaa wa Nyasho alikuja ofisini kwetu kuomba kazi. Tulimwambia hatuna rangi. Akasema, "Nipeni ukuta tu, rangi nitaitafuta." Chokaa aliiomba kwa wajenzi wa kanisa. Rangi ya buluu aliikomba kwenye makopo ya mafundi wa mitumbwi. Nyeusi ilikuwa masizi ya masufuria ya mtaa mzima. Udongo mwekundu aliubeba kutoka Butiama kwenye baiskeli, akauchunga kwa kanga kuukuu ya mkewe.

Kushoto alichora wanawake wa vijiji vyetu vya rasi ya ziwani wakigeuza dagaa juu ya miamba. Katikati, wavuna pamba wa Bunda. Kulia, ng'ombe wakishuka kilima cha Butiama. Mama yangu alipokuja mjini alisimama mbele ya wale wanawake akaniambia yule wa tatu ni mama yangu mdogo, kabisa, na mkono wake vilevile. Fundi hakuwahi kumwona mama yangu mdogo. Mama hakulikubali hilo mpaka alipokufa.

Siku ya kumaliza tulimpa fundi cheti, makofi na soda mbili. Kwa wakati ule soda mbili zilikuwa heshima kubwa.

Kuanzia hapo ukuta ukawa wangu kuulea. Nilikuwaga nafika kazini mapema, natoa matope ya mvua kwa kitambaa kilicholowa, nabandua matangazo ya dansi, nagombana na wanaume waliogeuza kona ile kuwa choo. Watu walinicheka. Sikujali.

Sasa nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wangu. Alikuwa anafunga mkoba.

"Mzee, ule ukuta una picha."

"Najua una picha."

"Sasa sabuni inaingiaje?"

Akaniangalia kama mtu anayemwelewesha mgeni. "Mama, nchi imefunguliwa. Umesahau tulivyofua kwa majani ya mpapai? Leo mtu analeta sabuni, analeta na pesa ya kutengeneza paa la ukumbi, wewe unaniambia picha. Picha haifui nguo."

Kuhusu majani ya mpapai hakudanganya. Mikono yangu mwenyewe iliwahi kuchubuka kwa majani hayo. Nikaitazama, na nilipoinua macho alikuwa ameshatoka.

Ijumaa jioni nilipanda kwenda Nyasho kumweleza fundi. Niliona ni vibaya asikie njiani. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, na barazani alikuwa ameegesha vibao vyake vya zamani. Mkewe alinikaribisha, akaniletea kigoda, kisha akabaki amesimama mlangoni bila kunitazama usoni.

Nilimweleza fundi yote. Nilisema nitapigana, nitaandika barua mkoani, nitawakusanya akina mama wa rasi waje wasimame pale. Alinisikiliza akisugua ukucha uliokuwa na rangi ya manjano.

"Jumatatu?" aliuliza.

"Jumatatu."

"Haya, dada. Mungu ni mwema."

Pembeni ya mlango kulikuwa na makopo yaliyofunikwa kwa gunia. Niliyaona, nikadhani ni mafuta ya taa. Nikashuka mjini nimekasirika kidogo kwamba mtu anapoteza kazi yake kubwa namna ile na hata sauti hapandishi.

Jumatatu saa moja na nusu nilikuta ngazi imeegeshwa ukutani. Turubai lilikuwa limetandikwa chini, na juu yake yalisimama makopo ya rangi ya mafuta, mapya, ya manjano na nyekundu, rangi ambazo miaka mitano nyuma tungeziona kwenye ndoto tu. Mtu alikuwa juu ya ngazi anasugua kwa msasa tumbo la ng'ombe wa mwisho. Nilipaza sauti ashuke. Akageuka.

Alikuwa fundi.

Yeye alishuka polepole, akapangusa mikono kwenye suruali, akanisalimia kama siku zote.

"Fundi, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ijumaa nimekaa kwako. Umeniacha niseme yote yale."

"Ningekwambia nini, dada? Tajiri wa sabuni alikuja mwenyewe nyumbani. Alisema nisipofanya mimi anaita watu wa Mwanza. Ukuta utafutwa hata mimi nikiwa nimelala."

"Lakini ni kazi yako! Unafuta kazi yako kwa mkono wako!"

Hapo ndipo sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Ofisi yako imenipa kazi lini baada ya hii? Sema. Mabango ya soko mmepeleka wapi kuandikwa? Ya zahanati? Yanatoka Mwanza yameshaandikwa. Kila asubuhi nakuona unapangusa ukuta. Unapangusa vizuri. Hata siku moja hujaniuliza nimekula nini. Cheti nimekitundika ndani. Hakiliki."

Wapita njia walikuwa wameanza kusimama. Nilitaka ardhi inimeze. Kila alichosema kilikuwa kweli, na nilikuwa sijawahi kukifikiria hata mara moja. Kwangu yeye alikuwa amemaliza siku alipokunywa zile soda.

Niliuliza, "Ukipewa ukuta mwingine, malipo yaleyale, ungeacha huu?"

"Kwani mimi nina ugomvi na ukuta huu?"

"Nipe muda."

Alitazama jua. "Alasiri tajiri anakuja na watu wa kampuni ya sabuni kukagua. Nitaanza upande huu wa ng'ombe, nitakwenda taratibu. Lakini msimamizi wake anakuja saa nne, na yeye si mtu wa kudanganywa. Nakupa mpaka saa nane."

Duka la tajiri lilikuwa karibu na stendi. Nilimkuta anafungua marobota ya mitumba, shati lake jeupe limejaa vumbi. Nilijua nikianza na habari za sanaa atanitoa. Nikamwambia ukumbi una ubavu mtupu unaotazama stendi, kila anayeshuka kwenye basi la kutoka Bunda au Tarime anautazama akitaka asitake, wakati ukuta wa mbele unatazama ofisi, na watu wa ofisi ni walewale kila siku.

Aliacha kufungua marobota. Akatoka nje, akaenda mpaka kwenye kona, akasimama mahali mabasi yanaposimama, akatazama. Nilisimama nyuma yake.

"Ubavu ule plasta imeanguka," alisema.

"Lakini ni mpana zaidi."

"Mama, mimi ukuta wowote ni ukuta. Ila karatasi yangu inasema wa mbele. Niletee karatasi nyingine, yenye sahihi na muhuri, nitahamisha ngazi. Usipoileta, tusilaumiane."

Nilirudi ofisini mbio. Mhazili akaniambia mkuu yuko Butiama kwenye mkutano, atarudi kesho. Nilimwomba achape barua mpya palepale, ya mistari mitatu. Alitazama mlango kwanza, maana kuchapa barua ambayo mkuu hajaiamuru lilikuwa kosa, lakini aliichapa. "Muhuri uko kwenye droo yangu," alisema. "Wewe lete sahihi."

Nilipata lori lililokuwa linarudi tupu kuchukua pamba, likanishusha Makutano. Pale nilikaa. Gari la kwenda Butiama halikuwepo. Saa nne ikapita, nikawa nawaza msimamizi ameshafika na amesimama chini ya ngazi. Saa tano ikakaribia. Mwishowe nilimsihi mzee mmoja aliyekuwa na baiskeli ya kubebea maziwa, madumu yake matupu yakagongana na miguu yangu njia nzima, na kwenye miinuko nilishuka nikasukuma naye. Barua nilikuwa nimeiweka ndani ya blauzi. Niliogopa jasho litafuta wino.

Mkuu wangu aliitwa nje ya mkutano. Aliponiona, na vumbi lile, alidhani nimeleta habari ya msiba. Nilipompa barua uso wake ulibadilika.

"Nani amekuruhusu kuchapa hii?"

"Hakuna, Mzee."

"Unaijua adhabu yake?"

"Naijua. Lakini tajiri amekubali. Paa litatengenezwa vilevile. Na plasta ya ubavu ataiweka yeye." Hilo la plasta tajiri hakuwa ameliahidi. Lilinitoka mdomoni.

"Na kwa nini nikusaidie?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema habari za urithi na utamaduni wa mkoa, maneno yaleyale tuliyoyaandikaga kwenye taarifa zetu za mwaka. Badala yake nilisema, "Fundi aliyechora ile picha ndiye anayeifuta. Yuko juu ya ngazi sasa hivi. Tumemfanya awe na njaa mpaka akubali kuifuta."

Ndani walikuwa wanapiga makofi. Mkuu akachukua kalamu, akatia sahihi juu ya goti lake, na chini akaongeza kwa mkono kwamba pendekezo limetoka kwangu na lawama yoyote ni yangu. "Nenda," alisema. "Kesho tutaongea mimi na wewe."

Land Rover ya idara ya mifugo ilikuwa inaondoka kwenda Musoma. Dereva alinipakia nyuma, kati ya masanduku ya dawa. Hakuwa na saa, na mimi sikuwa nayo, kwa hiyo njia nzima nilichungulia kivuli cha gari kilivyokuwa kinarefuka barabarani. Makutano tulisimama kumpisha mtu na ng'ombe wake, nikalia kwa hasira.

Tulipofika mjini ilikuwa karibu saa tisa. Nilipitia kwa mhazili, akagonga muhuri bila hata kuniuliza, tukatoka wote wawili tukikimbia.

Kilima cha Butiama hakikuwepo tena. Ng'ombe wote walikuwa wamekwenda, na nusu ya pamba ya Bunda imemezwa na manjano inayong'aa. Mbele ya wanawake wa dagaa fundi alikuwa amekaa chini, brashi mkononi, na msimamizi wa tajiri amemsimamia anamfokea.

"Saa nzima umekaa! Unaumwa?"

"Rangi lazima ikauke."

"Ikauke wapi? Hujaipaka!"

Fundi aliniona. Hakuinuka. Nilimpa msimamizi karatasi, yeye akampelekea tajiri aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye gari na wageni wake. Tajiri aliisoma mara mbili. Aliukagua muhuri kwa kuunyanyua juani. Mmoja wa wageni aliuliza kuna nini, naye akamwonyesha ubavu wa ukumbi na stendi iliyojaa watu wa basi la alasiri. Wakaongea. Sikusikia walichosema. Kisha tajiri akapunga mkono kwa fundi.

"Hamisha ngazi."

Mhazili alinishika mkono. Mimi nilikaa chini juu ya turubai, juu ya matone ya manjano, na sketi ile sikuwahi kuivaa tena.

Nilidhani fundi atanishukuru. Alikusanya makopo yake kwanza. Halafu akasema, akitazama pale walipokuwa ng'ombe, "Wale miguu yao ilinisumbuaga. Sikuipata. Ndiyo maana nimeanza na wao."

Kesho yake mkuu wangu alinipa barua ya onyo, ikaingia kwenye faili langu. Plasta ya ubavuni tajiri aliiweka, baada ya kunitukana kidogo. Tangazo la sabuni lilitoka zuri, siwezi kudanganya. Mkono wa fundi ulikuwa mkono wa fundi.

Mimi nilibadilika. Niliendelea kuupangusa ukuta, ila nilianza kupangusa na vizingiti vya kila ofisi ya mji kwa miguu yangu, nikiuliza nani anawaandikia mabango. Soko lilikubali kwanza, kisha zahanati, kisha shule mbili za Bweri. Ilikuwa kazi ya kubishana, maana kila mmoja alitaka fundi afanye bure, kwa sifa tu. Nilikataa. Nilisema kwanza mwandikiane mkataba, na nusu mumpe kabla hajafungua kopo. Baada ya miaka kadhaa mji ulikubali pia sehemu ile ya manjano ya mbele ichorwe upya. Nilipanda Nyasho na karatasi na malipo ya kuanzia. Fundi aliisoma karatasi yote, mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno, kisha malipo akampa mkewe.

"Unataka nichore ng'ombe tena?" aliniuliza.

Nilimwambia achore anachotaka.

Alichora watu wanachagua mitumba, wameinama, na mwanamke mmoja ameinua koti la baridi juu kabisa analitazama, hajui atalivaa wapi katika joto la Musoma. Siku ya tatu ya kazi akina mama kutoka rasi, waliokuja mjini na dagaa wao, walisimama chini ya ngazi wakimwambia kwa sauti kwamba koti refu vile halipo duniani. Aliwajibu kutoka juu bila kugeuka, na waliondoka wakicheka.