Bao la Barry Tattersall

Ngazi za kupandia ukumbi wa wageni katika uwanja wa Aldercross Town ni thelathini na nne. Barry Tattersall alizihesabu kwa magoti. Kila Jumamosi ya mechi ya nyumbani, kabla ya adhuhuri, alizipanda moja moja, mkono kwenye bomba. Akifika ya kumi alipumzika, akifika ya ishirini na mbili alipumzika tena, akijifanya anasoma matangazo ukutani. Goti la kulia lilikuwa la bandia. La kushoto lilikuwa lake mwenyewe, nalo ndilo lililokuwa bovu zaidi.

Huko juu kazi yake ilikuwa moja: kusimulia bao. Wageni wakishakula pai na njegere, Craig, mshereheshaji wa klabu, aligonga glasi kwa kijiko, na Barry alisimama na tai yake ya buluu. Mei 1978, mechi ya mwisho ya msimu, mvua ya kutwa, sare ya bao moja kwa moja, dakika ya themanini na nane. Enzi hizo timu nne za mkiani mwa daraja la nne zilikwenda kuzibembeleza klabu nyingine zizipigie kura zibaki kwenye ligi. Aldercross walikuwa wamebembeleza miaka miwili mfululizo, na kila mtu alijua mwaka wa tatu wasingehurumiwa. Ikapigwa kona. Kichwa. Wavuni. Mji mzima ukapumua.

Alikuwa amelisimulia bao hilo mpaka likawa limechakaa kama kiti cha basi. Miaka kumi na minne ya soka, klabu tano, mabao mia moja thelathini na moja, na hakuna aliyewahi kumuuliza hata moja katika yale mengine. Alichomwa sindano za magoti ili acheze Jumamosi, kisha Jumapili Maureen, mkewe, akamvalisha soksi. Alipostaafu akauza mazulia miaka kumi na tisa, na kuyatandika pia, kazi ya kushinda umepiga magoti. Sijui ni nani aliyempa ushauri huo. Watu walinunua zulia wasilolihitaji ili tu wamsikie akieleza ile kona.

Sasa nitaje ambalo Barry hakuwahi kulitamka. Bao halikuwa lake.

Aliyeupiga ule mpira ni Len Haworth, beki wa kati aliyepanda kwa ajili ya kona. Barry aliruka nyuma yake akapiga kichwa hewa ya Mungu. Lakini straika ni straika, hata bao la ndugu yake atalidai. Mpira ulipotikisa wavu, mikono yake ilikuwa imekwenda juu kabla akili haijafika, na miguu ikamkimbiza kwa mashabiki. Refa akaandika namba tisa, jezi ya Barry. Kamera ya televisheni haikuwepo, nani angeileta Aldercross? Mpiga picha wa gazeti alimnasa Barry mikono juu, mpira uko wavuni, na Len amelala kifudifudi kwenye tope.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Barry alingoja Len aseme. Len alivua kiatu, akamwaga maji yaliyojaa ndani. "Umeanza lini kupiga vichwa, Barry?" akauliza, akacheka, wakaenda kunywa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikwenda miaka arobaini na moja.

Oktoba, Janice, binti yake Len, alimpigia simu. Len alikuwa kwenye makao ya wazee tangu Pasaka. Mipira yote ile aliyoipiga kichwa, iliyolowa maji ikawa mizito kama tofali, ilikuwa imemharibu ubongo, na daktari alilisema hilo bila kuficha. Barry akaenda. Akamkuta Len ameketi dirishani na Janice kando yake, mguu mmoja wa Len una ndara, mwingine hauna.

"Nani huyu?"

"Ni Barry, Baba. Barry Tattersall."

"Mwizi huyo," akasema Len. "Aliniibia bao langu."

Janice aliona haya mpaka masikio yakamwiva. "Msamehe, Anko Barry. Ndiyo wimbo wake wa kila siku. Analia hata chakula hali. Ndiyo maana nimekuita, nikasema akikusikia wewe mwenyewe labda atatulia. Wauguzi nimewapa ile picha. Akianza tu wanamwonyesha: tazama Len, huyu hapa Barry, na wewe umelala chini."

"Nimelala chini kwa sababu nimepiga!" Len akafoka.

"Sawa, Baba. Sawa."

Ile "sawa" ilimchoma Barry kuliko sindano zote alizochomwa. Mchana ule Len alisema mama yake yuko jikoni, akasema basi la timu limechelewa, na hayo waliyapokea kwa tabasamu. Neno moja tu la kweli alilokuwa nalo, ndilo waliloliita wazimu. Barry alifungua mdomo. "Tutaongea vizuri siku nyingine, Len," akasema, akachukua kofia yake akaondoka. Mwoga, na alijijua hivyo.

Wiki tatu zikapita. Siku moja Maureen akiwa anamenya viazi, Barry alimwambia yote.

Maureen hakugeuka. "Wewe na kichwa wapi na wapi? Nilikuwa jukwaani, Barry. Nina macho."

"Na mbona hukusema?"

"Ulikuwa na furaha." Aliweka kiazi kwenye sufuria. "Lakini kama inakuuma, nenda ukaseme palepale unapodanganyia. Kuniambia mimi hapa jikoni hakumsaidii Len."

Jumamosi alizipanda zile ngazi bila kupumzika, na alipofika juu alikuwa anatweta. Craig akagonga glasi. Barry akaanza kama kawaida, mvua, kona, kisha akasema, "Na Len Haworth akaupiga kichwa, ukaingia. Mimi sikuugusa."

Kicheko kikalipuka. "Ng'ombe hazeeki maini!" akapiga kelele mzee mmoja wa meza ya nyuma. "Leo ametuletea mpya!"

"Si utani. Niliiba. Bao ni la Len, na nataka liandikwe jina lake."

Vicheko vikafa kimoja kimoja. Watu wakatazama sahani zao. Craig alikuja akamshika kiwiko, akashusha sauti kama mtu anayeongea na mtoto mwenye homa. "Sawa, Barry. Sawa, mzee wangu. Keti kidogo, tunakuletea chai. Namba ya Maureen unayo hapo?"

"Sijaumwa, Craig."

"Sawa, sawa."

"Maskini," akanong'ona mama mmoja wa meza ya mbele. "Naye ugonjwa umeshamwanza."

Barry aliiacha chai mezani. Alishuka ngazi zote thelathini na nne, akapita lango huku mashabiki wakiingia na kumpiga begani, akachukua teksi mpaka makao ya wazee. Njiani alijipa moyo. Wale hawakumwamini, basi. Lakini Len angesikia. Len peke yake alitosha.

"Ametulia kweli siku hizi," muuguzi akamwambia mlangoni. "Wiki ya pili hii hajafoka. Hata anakula."

Len alikuwa dirishani, amenyolewa vizuri, ndara zote mbili miguuni, ile picha iko mapajani. Barry alijishusha kwenye kiti huku magoti yakilalamika.

"Len. Ile kona ya sabini na nane. Uliupiga wewe. Mimi nilikuibia, na leo nimewaambia watu wote. Bao ni lako."

Len alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia. Akampapasa mkono.

"Hapana, mzee. Usijisumbue. Lilikuwa la Barry Tattersall." Akagonga kioo cha picha kwa ukucha. "Huyu hapa. Mimi si unaona nimelala chini?"

"Umelala chini kwa sababu umepiga, Len!"

"Sawa," akasema Len kwa upole, akiendelea kumpapasa mkono. "Sawa, mzee wangu. Sawa."